Mitungi Miwili kwenye Kamba Moja

Garissa, 9 Machi 2025. Asubuhi ya joto, upepo hakuna.

Walaal Leyla, mdogo wangu,

Assalaam aleikum. Sisi wazima, na goti la hooyo limepoa, mama anatembea tena. Wewe na baridi ya huko?

Gazeti lenye mahojiano yako limefika hapa shuleni ninapotunza maabara. Unaeleza vingoma vyenu viwili, vidogo kuliko chembe ya mchanga, vilivyounganishwa na kupozwa mpaka ukabaki mtetemo mmoja usiogawanyika. Kabla ya kupima, hakuna awezaye kusema uko kwenye kingoma kipi. Mashallah. Kisha unasema wazo lilikujia utotoni, "nikiwa peke yangu", uliponing'iniza mitungi miwili ya maji kwenye kamba ya ngamia.

Peke yako? Kamba niliifunga mimi. Nilisukuma mtungi mmoja. Huo ukatulia, wa pili ukaanza kuyumba bila kuguswa. Wewe ulikuwa unacheka. Nilihesabu miyumbo kwa siku kumi na mbili, nikaandika kwenye shajara. Ukaichukua ukiapa wallahi jina langu litakuwepo popote utakapoyaeleza.

Dada yako,
Fosia

2 Aprili 2025

Abaayo Fosia, dada yangu,

Waaleikum salaam. Mimi mzima, baridi inapungua.

Usikasirike, abaayo. Mwandishi alitaka hadithi fupi, watu wawili wangemchanganya. Na tuseme kweli: wewe ulihesabu tu, kuelewa nilielewa mimi. Ukurasa wa shajara yako uko ukutani hapa maabara, ndani ya fremu. Kila mgeni anausoma! Nisalimie hooyo.

Mdogo wako,
Leyla

Garissa, 23 Aprili 2025. Mawingu tangu alfajiri, mvua bado.

Walaal,

Salaam. Hooyo anakusalimu. Nirudishie shajara yangu, pamoja na huo ukurasa.

Dada yako,
Fosia

Garissa, 21 Mei 2025. Asubuhi kavu, vumbi kutoka upande wa mto.

Leyla,

Salaam. Hooyo mzima.

Kifurushi kilifika jana bila barua. Shajara imo, na ukurasa umo. Pale juu nilipoandika "Fosia na Leyla" pamekatwa kwa makasi, nadhani ili uenee kwenye fremu.

Alasiri hiyo nilifunga kamba ile nyuma ya nyumba, nikaning'iniza mitungi. Kigwe cha mtungi wako nilikifupisha shibiri mbili. Sasa nikisukuma wangu, wako unatikisika kidogo tu, basi. Wangu unaendelea wenyewe. Nilihesabu mara kumi na mbili, nikaandika na tarehe.

Usingizi ulinipata saa tisa na robo usiku.

Fosia