Nilikimbia Nne, Nikampoteza Binti Yangu

Mshauri, nisaidie kama bado kuna la kusaidia, maana mimi mwenyewe silioni. Ni mwanaume wa makamo, mjane, fundi wa lifti hapa Taipei, shule yangu ni ya ufundi tu, na nina mtoto mmoja, Pei-chun, anayefanya kazi ya mahesabu kwenye kampuni ya viatu kule Tainan. Tangu mama yake afe hatuna maneno mengi sisi wawili, ila kila Jumapili jioni tunakutana kwenye gemu la bustani, yeye ana kiwanja chake na mimi changu, tunapanda kabichi na maua, ananitania, "Baba, kabichi zako zimekonda kama wewe," na mimi wiki nzima naishi kwa hilo.

Sasa alipoomba nimnunulie laptop, kwa kuwa mimi niko karibu na soko la kompyuta la Guanghua, nilifurahi sana, nikamwambia hiyo ni zawadi yangu. Akanitumia jina la aina anayoitaka mpaka namba ya prosesa, akasema, "Baba, ni hii hii, ya kazini na ya gemu letu, usibadilishe." Nikafika dukani, nikaiona, na hiyo namba ya prosesa ilikuwa na nne mbili zimeshikana, Mshauri, nne mbili, na kwa lugha yetu nne hutamkwa karibu kama kifo! Pembeni yake kulikuwa na nyingine, jina karibu lile lile, ina nane mbili, namba ya bahati. Muuzaji, Bwana Kang, alinionya kabisa, sitaki kumsingizia, alisema, "Mzee, hiyo ni ya kusomea barua pepe na kuangalia tamthilia, prosesa yake dhaifu. Hapa huchagui namba ya gari." Nikamjibu, "Wewe uza, kijana, mtoto ni wangu." Binti nikamwambia uliyoitaka imeisha dukani.

Haukupita mwezi, simu. "Baba, hii mashine inatambaa." Nikamuuliza kama ameiwekea pakiti ya kijani ya vitafunio juu, ile hirizi ya kuituliza mashine, kama tunavyofanya sote kazini. Akacheka, "Nimeweka, Baba, ya kijani kabisa na muda wake haujapita. Mashine imeila imelala." Ningesema ukweli siku ile tungecheka wote. Sikusema. Nikamwambia anafungua vitu vingi mno kwa pamoja.

Halafu ikaja siku ya kuwaonyesha wakubwa zake hesabu za mwaka kwenye mkutano wa video, na kile cheo cha kuongoza kitengo alikuwa amekisubiri kwa hamu. Kafungua majedwali yake, mashine ikaganda, sura yake imebaki mdomo wazi mbele ya wakubwa wote, na alipofaulu kurudi walishahamia kwa mtu mwingine. Cheo akapewa huyo mwingine. Akanipigia analia, na mimi, Mungu anisamehe, nikamwambia, "Labda hukujiandaa vizuri."

Kisha akasema kwa upole kabisa, "Niliwapigia dukani, Baba. Haikuwahi kuisha. Ulitaka tu uonekane unajua kuliko mimi." Akakata. Tangu hapo hapokei simu, na Jumapili naingia kwenye gemu naona kiwanja chake kinakauka, maua yamelala chini, na sithubutu hata kukigusa.

Ila siyo kwamba nilitaka kuonekana najua. Nyumba yetu iko ghorofa ya nne. Watu waliikimbia, sisi tukaichukua, mke wangu akasema ngazi ni ngazi, na mimi ninayefunga lifti za hospitali, ninayejua vitufe vinaruka kutoka tatu kwenda tano, nilinyamaza, na ndani ya nyumba hiyo akaugua akafa. Sikuweza kumpelekea mtoto nne mbili kwa mkono wangu. Hilo sijamwambia mtu. Sasa nimeona laptop kubwa ya wacheza gemu, ina taa nyekundu, namba yake ina nane tatu. Nimnunulie hiyo? Au nimeshampoteza?

Baba wa Ghorofa ya Nne

*

Baba wa Ghorofa ya Nne,

Nane tatu! Nyumba imeungua na wewe unarudi na kiberiti kikubwa zaidi.

Pole kwa mkeo. Ugonjwa ndio uliomuua, ghorofa haina mikono. Lakini woga wako ninauelewa, na kama binti angeujua naye angeuelewa. Yeye alipewa uongo, kisha uongo wa pili, kisha akaambiwa hakujiandaa. Hilo la mwisho ndilo lililomvunja, wala halina uhusiano na namba yoyote.

Kuhusu mashine, nisikilize, kisha usinunue kitu. Namba ya prosesa inaeleza kizazi chake na daraja lake, na herufi ya mwishoni mara nyingi inasema kama imeundwa kwa nguvu au kwa kutunza betri. Bahati haimo. Kwa majedwali, mikutano na gemu la bustani, inatosha prosesa ya daraja la kati ya miaka ya karibuni, yenye uwezo wake wa michoro humo humo ndani, na RAM ya GB kumi na sita. Lile dubwana lenye taa litanguruma kama feni ya jikoni mgahawani na betri itakata mkutano haujaisha. Na kama huwezi kuishi bila nane, basi zitafute kwenye idadi ya viini vya prosesa, huko zina kazi. Ila binti yako haya yote aliyajua kabla yako na yangu. Atachagua yeye. Akichagua nne mbili, utazibeba wewe kwa mikono miwili.

Cheo kimekwenda, hutakirudisha. Usimwahidi hivyo.

Panda treni uende Tainan, mikono mitupu. Mwambie kuhusu vitufe vya hospitali na ile siku mama yake aliposema ngazi ni ngazi. Mwambie alijiandaa. Huenda asikufungulie. Basi yaseme hapo hapo mlangoni, kwa uhakika ule ule uliomwambia nao kwamba hakujiandaa.