Salumu, Mzungu Wako Amerudi Izigo

Salumu rafiki yangu,

Yule mzungu anayechora ramani kwa ndege amepona. Mguu uliovunjika siku ile umeunga, anachechemea kidogo tu, na juzi alirudi Izigo na ndege nyingine. Jina lake silitaji. Halistahili kukaa kwenye karatasi moja na lako.

Unajua alichomwambia afisa aliyekuja kuuliza habari za ajali? Kwamba injini ilikufa kwa sababu fundi hakusafisha njia ya mafuta. Fundi, yaani wewe, uliyekuwa ukinuka petroli hata Ijumaa msikitini. Nilisimama nikasema niliyoyaona, maana nilikuwa palepale uwanjani nikikata nyasi. Alikuwa akijizoeza kutua kama mtu aliyefiwa na injini angani: anapunguza moto, ndege inateremka kimya, halafu karibu na ardhi anaongeza na kupaa tena. Mara ya kwanza aliishia juu ya miti. Mara ya pili, usawa wa miti. Alipotua kuvuta sigara ulikuja kwangu unafuta jasho, ukasema, "Nimemwambia injini ikipoa haiamki upesi. Amecheka." Kisha ukapanda tena, kwa sababu alitaka uisikilize. Nani kati yetu angemkatalia?

Mara ya tatu alishuka chini ya miti. Akaongeza moto. Injini ikakohoa, ikakohoa tena, ikanyamaza. Bawa likapiga kichuguu. Mimi ndiye niliyekutoa. Ulimtaja mkeo, "Zuhura," basi.

Afisa alinisikiliza, akasema mkata nyasi hajui injini. Hakuandika hata neno. Zuhura akaondolewa kwenye nyumba ya kazi, sasa anaishi kwa dada yake mjini Bukoba, na sokoni walikuwa wakinong'ona kwamba mumewe aliuawa na uvivu wake mwenyewe. Uvivu, Salumu. Wewe.

Sasa sikia nilichofanya. Kazi yangu bado ni ileile: ndege ikija nawasha nyasi, moshi umwonyeshe rubani upepo unakoelekea. Asubuhi hiyo ya juzi upepo ulikuwa umegeuka, unavuma kwenda ziwani. Bila moshi angetua huku upepo unamsukuma mgongoni, akaishie kwenye mawe ya kule chini. Nilikaa juu ya rundo la nyasi, kiberiti mfukoni, nikaitazama ndege inakuja. Nilikuwa na furaha. Mchungaji wetu sijamwambia hilo, nakuambia wewe.

Ndipo nikaona kichwa cha pili, kiti cha nyuma. Mtu mweusi, kofia kama yako.

Nikawasha. Nyasi zilikuwa na umande, nikaungua vidole, lakini moshi ukapanda. Ndege ikazunguka, ikatua salama.

Fundi huyo anaitwa Yohana, katokea Mwanza. Mzungu alipokwenda kunywa chai nilimkaribisha kivulini, nikampa kahawa ya kutafuna kama nilivyokuwa nikikupa wewe, nikamweleza yote. Alitafuna polepole. Akauliza, "Alimwonya kweli?" Nikamwambia maneno yako yalivyokuwa, na yule alivyocheka.

Alasiri mzungu akamwita wakafanye mazoezi yaleyale. Yohana akasimama mbele yake, akasema taratibu, vibarua wote wakisikia, "Bwana, injini nimeitazama, ni nzima. Ukitaka kuipoza angani, nenda peke yako. Salumu alikuonya."

Wekundu ulimpanda mzungu mpaka masikioni. Alinigeukia mimi, akanitazama kwa muda mrefu, nami sikuangalia chini. Kisha akaenda kukaa garini. Hakuruka siku hiyo, wala jana.

Habari imefika Bukoba kabla yake. Leo Zuhura ameniletea salamu: amekwenda sokoni, na aliyekuwa akimsema kuliko wote amempisha njia.

Haijanitosha. Kama ulitaraji nimsamehe, waitu, ndugu yangu, niwie radhi, sijafika huko na sioni njia ya kufika. Nitabaki na kazi hii ya nyasi. Kila fundi atakayeshuka Izigo nitamkalisha, nitamtajia jina lako na ulivyokufa, kabla hajafungua boksi la vyombo vyake. Mtu yule atazeeka akitafuta mkono wa kuihudumia ndege yake, na kila atakayemkataa atamjibu kwa jina lako.

Lala, Salumu. Mimi niko macho.

Rafiki yako,
Byabato