Mkono Niliousingizia

Mjomba wangu,

Shikamoo. Ulizoea kuniitikia "marahaba, mjomba," ukinirudishia jina lilelile. Leo nakuandikia nikiwa nimechoka, na kuna jambo napaswa kukueleza mwenyewe kabla hujalisikia kwa wanakwaya wenzako, ambao mmoja mmoja wanakufuata huko uliko.

Unakumbuka siku niliyokuja kwako Buzebazeba na simu, nikakuonyesha video ya wale vijana wa nywele ndefu? Nilitaka kujifunza gitaa la mdundo la thrash, ule muziki wa metali wa kasi, ambamo mkono wa kulia unazipiga nyuzi nene kwenda chini tu, haraka hadi macho yanapoteza vidole. Nilitarajia unifukuze. Wewe ulikuwa mpiga gitaa wa kwaya tangu mkiwa kwenye kambi ya wakimbizi, kabla familia haijahamia mjini. Lakini ulitazama hadi mwisho, ukaniomba nirudie, kisha ukasema, "Huyu mtu hana haraka. Tazama bega lake."

Bega lake lilikuwa limelala kabisa.

Ndivyo tulivyoanza. Kila Jumamosi alasiri nilitoka Katubuka, nikaketi barazani kwako, gitaa likiwa limechomekwa kwenye redio yako kuukuu. Tulipoifungulia sauti hadi mwisho ilikwaruza, na mkwaruzo huo ndio niliokuwa nautafuta. Ulinifundisha kulaza ubavu wa kiganja juu ya nyuzi, kule mwisho zinakofungwa, ili kila pigo likatike mara tu linapotoka. Nilipokaza mkono, nami hukaza kila kitu, ulinigonga kiwiko kwa kijiko cha chai. "Buhoro buhoro," ulisema, polepole kwa lugha ya kwenu. Wiki tatu ulinipigisha mstari mmoja kwa mwendo wa mtu anayesukuma baiskeli ya mihogo kutoka Simbo. Mama Zaituni, jirani yako, alichungulia juu ya ukuta akauliza kama tunakata mabati. Ukamjibu ndiyo, na paa linalofuata ni la kwake.

Kasi ilikuja bila mimi kuiona. Siku niliyoupiga wimbo mzima na mkono usiwake moto, ulicheka hadi ukakohoa. Nilidhani ni kicheko tu.

Hukuniambia kwamba ulikuwa ukiwasimulia wanakwaya habari zangu. Siku ya kuondoa matanga, Mama Jenerosa, mwalimu wa kwaya, alinijia mbele ya ndugu wote. Alisema marehemu aliwaambia kwamba mpwa wake ana mkono, basi Jumapili nichukue nafasi yake. Mjomba, sijawahi kumpigia mtu mwingine zaidi yako. Ofisini, mkuu wangu akisimama nyuma yangu tu, nakosea jina la mwananchi aliyekaa mbele yangu. Nikajibu kwamba mkono wangu wa kulia umeteguka. Kesho yake nikaufunga bandeji, maana mji wetu ni mdogo.

Nilidhani wataniacha. Nilisahau wenzako ni watu wa namna gani. Jumatano walikuja kwaya nzima, watu kumi na wanne katika chumba changu kimoja. Wakaushika mkono ule mzima, wakauombea hadi mwenye nyumba akaja kuungana nao. Mzee Filemoni, mpiga ngoma, alilia. Alisema kwaya imeshazika mkono mmoja, Bwana asichukue wa pili. Nami nikafumba macho, nikasema amina.

Walipokuwa wakitoka, Mama Jenerosa aliniambia nikipona nisimame kanisani nitoe ushuhuda.

 Ningeweza kubaki mgonjwa na nisiguse gitaa tena maisha yangu yote. Ningeweza kusimama nikamshukuru Mungu kwa kuponya mkono ambao haukuumia. Njia ya tatu niliijua, na ndiyo niliyoiogopa kuliko zote.

Jumapili nilisimama. Nilikuwa nimeandika maneno yangu kwa mpangilio, kama barua ya ofisi, lakini karatasi niliiacha mfukoni. Nikaifungua bandeji. Nikasema, "Mkono haukuumia. Niliogopa."

Hakuna aliyesema amina. Mzee Filemoni aliangalia ngozi ya ngoma yake, na tangu siku hiyo salamu yangu huipokea kwa kichwa tu. Ni haki yake. Mama Jenerosa hakutamka neno la msamaha. Alinyoosha kidole kwenye gitaa lako lililoegemezwa ukutani, akasema, "Basi kama ni mzima, kaa."

Nikakaa. Nilipiga ulivyonifundisha, kiganja juu ya nyuzi, chini tu, chini tu, huku wao wakiimba wimbo wao wa taratibu. Ubeti wa pili nilipotea. Bega lilikuwa limepanda hadi sikioni. Hawakusimama kunisubiri. Niliwatafuta, nikawapata kwenye kiitikio, nikawapoteza tena. Tulipomaliza, dada mmoja wa sauti ya kwanza aliniuliza kama gitaa linaumwa au ndivyo linavyopigwa. Nikamwambia ndivyo. Akafikiri kidogo, akasema sauti ipunguzwe, lakini lisiondolewe.

Wameniweka tena Jumapili ijayo. Sijui ni imani au ni adhabu, na sikuuliza. Mchana kutwa naandika barua za watu, jioni vidole havitaki kufunguka, na bado naogopa. Nilidhani nikisema kweli woga utaondoka. Kilichoondoka ni bandeji.

Mazoezi ni Alhamisi. Nitafika mapema, nimwamkie Mzee Filemoni kabla wengine hawajaingia, nimwombe radhi yeye peke yake, maana yeye peke yake alilia. Asiponijibu nitaketi hivyo hivyo, nipige polepole, na yeye atapiga ngoma yake, kwa sababu wimbo unatuhitaji wote wawili.

Lala salama, mjomba. Nafasi yako siiwezi. Nimekikalia kiti tu.

Ni mimi, mpwa wako.