Kidole Hakikulala

Karakana, chumba cha kusukia koili,
Jumamosi, saa ya mapumziko.

Mpendwa Baba Mdogo,

Mstari umelala juu ya mstari! Nimeanza na habari kabla ya salamu, nisamehe. Adabu nimefundishwa, ila leo furaha imenizidi. Hapa ninapoandika, ng'ambo ya ukuta watu wazima wanapiga makofi kama watoto.

Sasa salamu. Shikamoo Baba Mdogo. Mkono unaendeleaje? Vidole vinakunjika siku hizi, au bado vinagoma asubuhi? Mama Mdogo hajambo? Sisi huku wazima. Baba anakohoa lakini anakula, na mtu akila huyo bado yupo.

Unanijua mimi si mtu wa maneno. Hapa karakana wananiita Bubu. Nasuka waya kwenye koili, naangalia, nanyamaza. Yale maandishi mekundu kwenye ukuta wa chumba cha majaribio, KIDOLE KISILALE, hayajafutwa tangu uondoke. Mgeni akiuliza anaambiwa, kulikuwa na jamaa hapa alisinzia na kidole kwenye kitufe, swichi ikachelewa kukata umeme, moto ukamla mkono. Halafu wananigeukia. "Huyu hapa ndiye wa ukoo wa kidole kizito." Nacheka nao. Ningefanyaje?

Basi akaja injinia mpya, mama mmoja mfupi wa viatu vya raba. Tunamwita Bi Mistari kwa sababu siku nzima anachora mistari kwenye kompyuta. Kaletwa kwa ajili ya swichi mpya ya umeme mkubwa tunayoitengeneza. Mchi unaukumbuka, kile chuma kinacholala ndani ya koili: ukibonyeza kitufe koili inakuwa sumaku, inauvuta mchi, mchi unagonga komeo, springi inafyatuka, umeme unakatwa. Sasa yeye anauchora mwendo wa mchi kabla mchi haujaenda popote! Kapima uzito wake, kapima springi, kahesabu na mizunguko ya waya niliyoisuka mimi mwenyewe. Halafu anakuambia, utaondoka hapa, utafika pale.

Alinionyesha kitu kimoja kikanifurahisha sana. Umeme ukiingia kwenye koili, mstari wake kwenye kioo cha kompyuta unapanda. Mchi ukianza kwenda, ule mstari unainama kidogo, kama mtu mrefu anayepita mlango mfupi, halafu unapanda tena. Pale unapoinama ndipo mchi unapoamka. Huna haja ya kuuona.

Tukaijaribu swichi mpya. Kompyuta ilisema mchi utaamka mapema, mchi ukaamka umechelewa. Tukarudia, vilevile. Watu wakaanza kumcheka. Fundi Mkuu, yule yule wa siku zako, akasema, "Mama, hii kompyuta yako haijawahi kupigwa shoti. Chuma anakijua aliyekishika."

Bi Mistari hakukasirika. "Mzee wangu, huenda nimekosea. Lakini hebu niambie, hicho unachoupaka mchi ni nini?"

Maana Fundi Mkuu hajaacha yale mambo yake. Kabla ya kila jaribio anachovya kidole kwenye kopo la grisi, anaupaka mchi, anauambia, "Kula, mwanangu." Na sisi wote tumemwiga. Kila anayepita anaulisha kidogo. Ni mapenzi tu.

"Namlisha," akasema. "Chuma chenye njaa hakifanyi kazi."

"Huyu ameshiba, Mzee. Ameshiba mpaka hawezi kuinuka."

Tulicheka, na Fundi Mkuu mwenyewe akacheka. Bi Mistari akaitia grisi kwenye hesabu zake, mstari wake ukasogea, ukalala juu ya ule wa kuchelewa. Akaitoa tena. Na sisi tukausafisha mchi kwa mafuta ya taa mpaka ukang'aa, tukabonyeza. Ukaruka! Ulipita pale pale alipouchora mwanzo. Hakubahatisha, Baba Mdogo. Anajua.

Hapo sijui sauti niliitoa wapi. Nikasema, "Na ile ya Baba Mdogo?"

Fundi wa kuchomelea akadakia, "Bubu kasema! Anueni nguo, mvua hiyo!" Lakini Fundi Mkuu hakucheka. Alikuwa ameshanielewa.

Bi Mistari akataka kujua ile ni ipi. Nikamweleza yote, kwa kigugumizi, macho kwenye raba zake. Mtambo wa kufyatulia wa swichi yako, na koili yake na mchi wake, bado upo. Tunautumia kuzuia mlango wa stoo usijifunge.

"Siku hiyo kulikuwaje?" akauliza.

Fundi Mkuu akajibu kwa sauti ndogo. "Baridi. Tulikuwa tunaota moto asubuhi ile. Na mchi nilikuwa nimeulisha vizuri."

Tukauleta. Tukautoa uchafu wote wa stoo, Bi Mistari akaupima upya, Fundi Mkuu akaulisha grisi mpya kwa kidole chake, kiasi kile kile cha siku ile. Grisi ikipata baridi inaganda, inaukamata mchi; sasa baridi tutaitoa wapi? Friji ya kantini! Mama wa kantini alipiga kelele zikafika barabarani. "Chuma? Katikati ya soda zangu? Mmerogwa nyie?" Soda zikatoka, chuma kikaingia.

Wakati kinapoa Bi Mistari alichora mstari wake, akatia alama kwa kalamu kwenye kioo cha kompyuta. Utaamka hapa. Bosi naye akashuka kuja kuona. Nilikuwa nimejibanza nyuma, kama kawaida yangu, nikasikia Bi Mistari anasema, "Njoo ubonyeze wewe." Mbele ya watu wote wale, na maandishi mekundu juu ya kichwa changu.

Nikabonyeza. Taa ya kitufe ikawaka papo hapo, mstari ukaanza kupanda, na mchi umelala. Umelala, Baba Mdogo! Kidole changu kimeshazama, wenyewe hauna habari. Ndipo mstari ukainama. Haukuinama karibu na alama. Juu ya alama yenyewe!

Fundi Mkuu akavua kofia. "Kidole kilikuwa macho," akasema. "Aliyelala ni mchi. Nimeupaka mchi grisi, nikampaka mwenzangu matope." Halafu akaketi juu ya ndoo, akajifuta uso kwa kitambaa cha grisi, akazidi kuuharibu. Mama wa kantini, aliyekuja kugombana, akampa aproni yake.

Bosi amesema mbele yetu sote kwamba wewe ulibonyeza kwa wakati na kwamba kazi yako ipo ukiitaka. Ukitaka, usitake, hilo ni lako. Alitaka kukupigia simu hapo hapo, nikamwomba angoje. Ndiyo, mimi nimemwomba Bosi! Dereva wa lori anakuja huko leo na barua hii ataishika yeye. Nilitaka uyasikie kwa mtu wa nyumbani.

Sasa hakuna tena wa kuniambia kidole kizito. Fundi wa kuchomelea amejaribu kunitania wakati wa chai, nikamjibu, akanipisha kwenye benchi.

Msalimie sana Mama Mdogo. Mwambie akija huku, zile njia alizokuwa akizikwepa asikutane na wake wa mafundi, apite katikati. Wasalimie mapacha, waambie baba yao hakusinzia. Bibi naye mpe habari hii taratibu, akiwa amekaa. Mungu aurudishie mkono wako nguvu, na usingizi aliowanyima miaka hii awalipe mpaka mkorome.

Niache niende. Fundi Mkuu amesimama mlangoni na brashi na kopo la rangi nyeupe. Anataka kuyafuta yale maandishi kwa mkono wake mwenyewe, na amekataa katakata kupanda ngazi mpaka aishike mtu wa ukoo wako.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako, nikupendaye sana,
Bubu