Vishikizo vya Zuhura Havina Mkwaruzo

Mama yangu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Usinijibu "halijambo" kama unavyonijibu kwenye simu, maana najua nikikata tu unaanza kuchechemea. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Huku Arusha baridi imekaza, asubuhi tunaingia shambani tumejifunga kanga juu ya sweta, ncha za vidole hatuzisikii.

Kabla sijafika mbali: bahasha hii nimeibandika kwa gundi, kisha nikaishona kwa uzi mwekundu. Mkikuta uzi wa rangi nyingine, jueni imefunguliwa njiani. Na wewe wifi Rehema, najua ndiwe unayesoma. Msomee mama mkwe wako kila neno. Usiruke mahali kwa kisingizio cha kulinda amani ya nyumba.

Kazi ya maua ni ile ile. Tunakata waridi, tunatoa miiba, tunapanga kwenye ndoo. Buti za mpira tulizopewa zinafanana zote, na kuna mtu alikuwa akichukua zangu nzima ananiachia zilizopasuka. Nikazitia alama ya rangi ya kucha ndani ya kisigino. Wenzangu sasa wananiita Afande. Waite wanavyotaka, buti zangu sasa naziona.

Nije kwenye jambo lenyewe, nalo ni miguu ya mwanangu.

Ile picha mliyonitumia niliifurahia sana. Zuhura amekaa mkekani na gauni lake la Idi, nywele zimesukwa vizuri, miguuni ana vile vishikizo vya plastiki, viatu vyake vya hospitali vya kunyoosha miguu, vyeupe pee. Nikawaonyesha wenzangu: "Huyu ndiye mwanangu niliyewaambia ana mtindio wa ubongo. Sasa anajifunza kutembea." Kisha nikaikuza ile picha. Mnanijua. Nyuma yake niliona zile fito za mianzi ambazo kaka alizichimbia uani ili Zuhura azishike akipiga hatua. Zimeanikwa kanga. Chini yake nyasi zimeota. Nikajiuliza, kama mtoto anapita hapo kila siku, hizo nyasi zimepata wapi nafasi ya kuota?

Kesho yake nikapiga simu, nawe Mama ukanipokea kwa furaha. "Wee, viatu vya mwanao vizima kabisa! Havijapata hata mkwaruzo!" Ulidhani unanipa habari njema. Kijijini kwetu Naipingo, na vumbi lile na mawe yale, mtoto anayeburuza miguu, viatu vikose mkwaruzo?

Nikashuku mengi, na sitayaficha. Nilishuku mmeviuza. Nilishuku mmekwenda kwa mganga akawaambia vinazuia dawa. Nilimshuku hata wifi, kwamba anaona uvivu kumfunga mtoto ile mikanda asubuhi huku mihogo inamngoja. Wifi, hapo nimekwambia usiruke.

Ndipo nikapiga saa ambayo huwa sipigi kamwe, wakati wewe uko kwenye mikorosho. Akapokea wifi. Nikamwambia azime spika, ampe simu Zuhura, asimwambie neno.

"Viatu vyako viko wapi, mwanangu?"

Akanijibu kwa ule usemi wake wa taratibu: "Sandukuni. Bibi kasema vya hospitali na vya Idi. Vikichafuka, dada wa mazoezi atagomba."

"Sasa unatembeaje?"

"Bibi ananibeba."

Mama, nililia. Hapo hapo nikaelewa na habari ya goti lako.

Hilo sanduku nalijua. Ndimo ulimonitunzia viatu vyangu vyekundu, nikavivaa Idi moja tu. Idi iliyofuata kisigino hakikuingia, akapewa binti wa jirani, mimi nikabaki nikimtazama. Kwetu kitu kizuri hakivaliwi, kinatunzwa. Sahani za maua za harusi yako hadi leo hakuna aliyezilia. Najua unafanya hivyo kwa mapenzi, na ndiyo maana nashindwa hata kukukasirikia vizuri.

Lakini hivi havitamfaa mtoto wa jirani. Ulikuwapo hospitali siku ile walipomviringishia plasta miguuni kuchukua kipimo, akacheka akidhani ni soksi. Vimetengenezwa kwa miguu yake mwenyewe, ilivyokuwa siku ile. Na yule dada wa mazoezi hakusema vitunzwe visafi. Alisema avae kila siku, hata akiwa nyumbani, na soksi ndefu ndani. Akivuliwa mtazame ngozi, na wekundu usipopotea mmrudishe hospitali. Akiachwa bila vishikizo, misuli inakaza, kisigino kinapanda, anabaki kusimama kwa vidole. Huyo dada atakugombeza kwa usafi wenyewe!

Na bado nina shaka moja, inayoninyima raha kuliko zote. Kwenye picha ile, kisigino cha kulia naona kama hakijakaa chini. Kimeinuka kidogo ndani ya plastiki. Kila nikiikuza naona vile vile. Naogopa mguu umekua wakati viatu vimelala sandukuni. Mvalisheni, mkibonyeze kisigino. Kisipofika chini, mpelekeni hospitali Nachingwea wiki hii hii. Msinisubiri mimi.

Picha sitaki tena, picha inapambwa. Jumapili nikipiga, wekeni simu sakafuni, mwacheni Zuhura apite kando yake akishikiliwa mkono. Nataka niisikie plastiki ikigonga saruji. Na kaka asithubutu kutembea badala yake. Hatua zake nazijua.

Msalimieni kaka, mwambieni aanue kanga na ang'oe nyasi. Mjomba wa Matambarale aliyetuletea ile mianzi, mpeni salamu zangu, lakini msimwambie kwamba imegeuka kamba ya nguo. Wifi, ahsante kwa kusoma, ikiwa kweli umesoma yote. Zuhura mbusuni magoti yote mawili.

Nawe Mama, umeshambeba vya kutosha. Nikirudi usinionyeshe vishikizo vyeupe. Nionyeshe vilivyolika soli.

Mwanao anayekuamini kwa kila kitu isipokuwa sanduku,

Sharifa