Kaniki ya Mama

Ng'ambo, Tabora
3 Februari 2024

Binti yangu Najiat,

Natumaini wewe na mumeo Nassibu ni wazima huko Urambo. Mama yako hajambo. Mimi mikono inatetemeka. Sitii rangi tena.

Ni miaka sita tangu ulipochanganya rangi ya dukani katika chungu changu cha nili, nikakukataza kukanyaga kwangu. Sijasahau. Lakini nahitaji kaniki moja, nawe ndiwe pekee niliyekufundisha. Loweka majani ya mnili siku mbili, piga maji hayo mpaka povu liwe buluu. Mashapo uyatie chunguni pamoja na maji ya majivu na pumba. Chovya kitambaa mara tisa.

Sipigi simu kwa sababu mama yako atasikia, naye asijue.

Baba yako,
Majidi


Urambo
21 Februari 2024

Baba, shikamoo. Sisi ni wazima, tunakuombea afya.

Nimeshindwa. Chungu kilinuka hata Nassibu akauliza ni nani aliyezika mbuzi jikoni. Kitambaa kilitoka kijani, kikakataa kugeuka buluu hewani. Majivu niliyachota katika bani letu la kukaushia tumbaku. Jirani yangu Tekla alinielekeza duka lenye unga wa buluu. Sikwenda.

Ni kaniki ya nani, Baba?

Mwanao,
Najiat


Ng'ambo, Tabora
27 Februari 2024

Marahaba, mwanangu. Wasalimu wote.

Majivu ya bani huzolewa pamoja na udongo na vumbi la tumbaku. Umekiua chungu. Mwaga, uanze upya kwa majivu ya jiko lako. Unapochovya, badilisha mahali unapokishika kitambaa.

Katika nyumba yetu, mwanamume humtilia mkewe rangi kaniki atakayovaa akikaa eda. Babu yako alimtilia bibi yako, ikakaa sandukuni miaka kumi na mmoja. Mimi niliahirisha kila mwaka. Daktari hanipi mwaka mwingine.

Baba yako


Urambo
2 Aprili 2024

Baba, shikamoo. U hali gani?

Siku niliyosoma barua yako sikuweza kupika. Chungu cha pili nacho kilikufa. Cha tatu kimeiva. Nimechovya mara tisa, nimesugua kwa kitambaa cheupe, haichuji. Namkabidhi Mahona, rafiki wa Nassibu, anayepanda treni ya Tabora kesho. Ningeileta mwenyewe, lakini hujaniambia nije.

Mwanao,
Najiat


Ng'ambo, Tabora
9 Aprili 2024

Marahaba, Najiat. Afya yangu ni ya kulala nikiwa nimeketi.

Kaniki imefika. Niliiosha mara mbili, nikaianika uani mama yako alipokwenda sokoni. Ni nili tupu. Pindoni pana alama mbili hafifu za vidole; hukubadilisha mahali pa kushika, ingawa nilikukanya. Zamani ningeirudisha. Nimeikunja na alama zake, nimeiweka sandukuni. Siku atakapoivaa, mama yako atajua ni mkono wa nani.

Barua hii usiijibu. Njoo, na chungu uje nacho kama rangi yake bado ni hai. Ukifika usibishe hodi. Hapa ni kwenu.

Baba yako