Miguu ya Somoe Ndani ya Mfereji

Leo ni siku ya mwisho ya mwezi wa tisa. Jua limechomoza likiwa limeshakasirika. Kufika saa tatu mabati yalikuwa yanalia, upepo hakuna, na harufu ya maua ya mikorosho imekaa juu ya kijiji chetu cha Rutamba kama mgeni asiyetaka kuaga. Sasa ni alasiri. Niko barazani, shati nimelivua, simu iko kwenye chaji.

Naandika nikiwa mnyonge. Wanaonijua watasema, Issa na unyonge wapi na wapi?

Kwa asiyenijua: mimi ndiye mpiga picha wa mfereji. Shule niliishia darasa la tano, na si kwa ujinga. Mwalimu alikuwa ananiuliza mimi majina ya samaki, basi nikaona hapa nani anamfundisha nani. Kila tarehe mosi ya mwezi nasimama juu ya kalavati la zamani, mguu wa kulia kwenye ule ufa, napiga picha moja ya mfereji wetu unaopeleka maji kwenye majaruba ya mpunga. Mahali palepale siku zote. Miaka tisa sijakosa mwezi. Nimepiga nikiwa na malaria, mwili unatetemeka mpaka kalavati likatetemeka. Nimepiga siku ya mafuriko, maji yamenifika kifuani, kambare ukubwa wa mtoto wa darasa la pili akapita katikati ya miguu yangu, akageuka akanitazama.

Bakari, mtani wangu ambaye jaruba lake limepakana na letu, anasema maji yalifika magotini na yule kambare alikuwa gogo la mgomba. Mtani ana ruhusa ya kusema lolote.

Binti yangu Zainabu, aliyeolewa kule mjini Mtama, ndiye aliyenifungulia ukurasa huu ili niweke hizo picha. Alisema, "Baba, andika na maneno kidogo." Maneno kidogo siyawezi, lakini leo nitajaribu.

Asubuhi nilizipitia zote kuanzia ya kwanza. Ukizivuta haraka kwa kidole unaona dunia inavyohama. Mwanzo mfereji ni wa udongo, umepinda kama mtu aliyelala ubavu, matete pande zote mbili, na kule nyuma vibanda viwili vya makuti. Halafu kibanda kimoja kinakuwa bati. Halafu vyote bati. Mkorosho mkubwa wa kushoto upo, upo, upo, mwezi mmoja haupo, pana kisiki. Njia ya miguu inapanuka, inakuwa njia ya pikipiki. Mwezi wa nane mwaka huu yanaingia mafungu ya mchanga na mifuko ya saruji. Mwezi wa tisa mfereji umenyooka, mweupe, kingo zimekatwa kwa kamba.

Mzuri, sikatai. Maji hayatapotea tena njiani. Lakini ule wa udongo ulikuwa na sauti. Ulikuwa unameza, unabeua, unanung'unika kwenye kona kama bibi anayetafuta miwani. Huu mpya nimeusogelea walipoujaribu kwa ndoo chache. Maji yanapita kimya, kama yanamwogopa mtu.

Ila sikuwa nautafuta mfereji kwenye hizo picha. Niseme ukweli.

Nilikuwa natafuta miguu.

Mke wangu Somoe ndiye aliyekuwa kipimo changu cha maji. Mwaka wa kwanza niliona picha haionyeshi kina, maji ni maji tu. Nikamwambia, "Mama Zainabu, ingia hapo katikati usimame, nione yamekufika wapi." Akaingia, kanga ameikunja. Tangu hapo kila tarehe mosi anaingia. Kiangazi maji chini ya kifundo. Masika katikati ya miundi. Siku ile ya mafuriko maji yako magotini pake, na picha ninayo, basi mambo ya kifuani tuyaache.

Sasa, mimi nilitaka maji yajae kwenye picha. Nikimchukua mzima, mfereji unakuwa mdogo. Basi yeye nilikuwa nampiga picha ya pili, simu nimeiinamisha, namkata. Picha mia na ushei ninazo, na zote ni kuanzia magotini kwenda chini. Asubuhi nimekaa hapa naitazama miundi ya mke wangu. Kovu la jembe mguu wa kushoto, lilianza jekundu, likawa jeusi, likafifia. Mwaka wa tano vidole vimeanza kuvimba. Mwaka wa saba anasimama ameegemea mguu mmoja, na mimi sikuwahi kumuuliza unaumwa nini.

Uso wake katika picha zote hizo haumo. Hata mara moja.

Haya, sasa lile jambo lenyewe.

Tarehe mosi mwezi wa saba ilikuwa zamu yetu ya maji. Hapa kwetu maji yanagawanywa kwa zamu: kila nyumba ina asubuhi yake, ikifika adhuhuri unaziba mlango wako wa maji kwa matope na magogo ya migomba, mwenzako anafungua wake. Ukiikosa, unasubiri siku kumi. Somoe alikuwa ameshapanda miche, bado laini kama nywele za mtoto. Akaniambia yeye anakwenda kwa mgonjwa kijiji cha pili, nifungue mimi.

Mimi nikafika, nikaona maji yametulia, yamejaa ukingo kwa ukingo, mbingu yote imo ndani. Nikasema, nikifungua sasa yatashuka, picha itaharibika. Ngoja jua lipande kidogo. Nikangoja. Likapanda, likaingia wingu. Nikangoja wingu litoke. Nilipopiga ile picha, Bakari alikuwa amesimama nyuma yangu na jembe. Adhuhuri imefika, zamu ni yake.

Picha ile ni nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Haina mtu.

Miche ilikauka. Hata siku tatu haikumaliza. Lakini hata kabla haijakauka, alasiri ileile, Somoe alikuja pale kalavatini, watu wanazibua matope, akatazama jaruba lake, akanitazama na simu yangu. Hakupiga kelele. Alisema, "Baba Zainabu, mfereji umeuoa. Kwangu mimi bado uko kwenye uchumba."

Watu wakacheka. Bakari akacheka mpaka akaegemea mpini. Akasema, "Shemeji, na mahari ya mfereji kalipa lini?"

Mimi ni mtu wa kuchekesha watu, si wa kuchekwa. Nikalitamka lile neno. Talaka moja, mbele ya majembe kumi na tatu.

Kicheko kilikatika kama umezima redio.

Yeye alisema "Haya" tu. Siku ileile akafunga nguo zake, Zainabu akapigiwa simu, na kesho yake akaenda kwao Pande kwa kaka yake.

Talaka moja si mwisho. Hilo hata mimi wa darasa la tano nalijua. Eda ikiwa bado haijaisha, mume anamrejea mkewe kwa neno, hakuna posa wala ndoa mpya. Somoe ameshapita umri wa kuona siku zake, kwa hiyo eda yake ni miezi mitatu. Nikaenda kwenye kalenda ya ukutani, ileile ninayoweka alama za picha, nikahesabu: wa saba, wa nane, wa tisa. Tarehe mosi ya mwezi wa kumi, yaani kesho.

Ungeniuliza kwa nini sikwenda mwezi wa saba uleule. Nilikuwa namsubiri atume mtu. Ungeniuliza mwezi wa nane. Nilikuwa nasema, bado muda upo. Ungeniuliza mwezi huu. Nikasema, nitakwenda siku ya mwisho kabisa, jua linaelekea kuzama, nishuke kwenye pikipiki mbele ya kaka zake nitamke, wote washike vinywa. Hadithi ambayo ningeisimulia mpaka nazikwa.

Na usiku wote huo, miezi yote, nyumba hii nimeilala peke yangu nikisikiliza mtungi unavyotoa jasho. Chai yangu haina tangawizi, tangawizi ipo, sijui anaitwanga kiasi gani. Mwezi wa nane nilisimama kalavatini nikasema kwa sauti, "Ingia hapo katikati." Nikashtuka. Nikapiga picha. Ukiitazama huwezi kujua kina cha maji. Ya mwezi wa tisa ni saruji tupu, haina mtu wala maji.

Leo baada ya sala ya adhuhuri nikamfuata Maalim wetu wa madrasa. Ni mdogo kwangu, akaniamkia, "Shikamoo, mjomba." Nikaitika marahaba kwa sauti nene, nikamwambia nataka unifundishe maneno ya kurejea kwa Kiarabu, yenye uzito, maana kesho nikishapiga picha naondoka kwenda Pande kwa pikipiki.

Akaniuliza, "Ulimwacha lini, mjomba?"

Nikamwambia. Nikamwonyesha na hesabu yangu.

Akaanza kukunja vidole, midomo inakwenda. Halafu akasema taratibu, kama mtu anayemvua mwenzake mwiba, "Mjomba, eda haihesabiwi kwa kalenda ya ukutani. Ni miezi ya kuandama. Hiyo ni mifupi. Ya kwako imekwisha juzi."

Nikamwambia hesabu tena. Akahesabu tena.

Nikamwambia, "Lakini mimi nilikuwa na nia, Maalim. Mwenyezi Mungu anaijua nia yangu."

"Anaijua," akasema. "Na wewe ulijua neno. Ungelitamka hata hapa Rutamba, umelala kitandani kwako, mbele ya watu wawili, lingetosha. Hukuhitaji pikipiki."

Jamani. Hukuhitaji pikipiki.

Mimi ambaye sijawahi kukosa tarehe mosi. Watu wa hapa mwezi wa Ramadhani tunautafuta kwa macho, tunapanda mpaka juu ya tuta kuuona, mimi nikiwa wa kwanza kupiga kelele nimeuona hata kabla haujatoka. Lakini mke wangu nimemhesabia kwa kalenda niliyopewa dukani.

Maalim akaniambia hayajaharibika yote. Ni talaka moja, naweza kumwoa tena, ila kwa ndoa mpya, na kwa ridhaa yake. Zamani kurejea ilikuwa kauli yangu peke yangu. Sasa ni lazima aulizwe. Na akiulizwa anaweza kusema hapana.

Nilirudi nyumbani nikipita kando ya mfereji. Bakari alikuwa anafagia kingo za saruji, maana kesho maji yanafunguliwa rasmi, wageni wanakuja, na mimi ndiye niliyetakiwa kupiga picha. Nimejisifu wiki nzima. Akaniona, akaanza, "Mwera mzima, mbona unatembea kama umekula ugali wa jana?" Nikapita. Akaacha ufagio, akanifuata hatua kadhaa. "Issa. Issa ndugu yangu. Kuna nini?" Nilipomweleza hakucheka. Alishika kichwa. Afadhali angecheka.

Nikampelekea Somoe ujumbe. Nimeufuta mara nne. Wa tano ukaenda: kwamba nilikosea hesabu, nilikuwa nakuja kesho.

Jibu lilikuja kwa sauti. Nimelisikiliza hapa barazani, sauti yake ileile ya kutotaka kumsumbua mtu.

"Baba Zainabu, mimi nilikuwa nahesabu kwa mwezi. Juzi nilioga mapema, nikakaa mlangoni tangu alasiri. Wifi akanichekea, akasema unamngoja nani. Nikasema napunga upepo. Magharibi ilipoadhiniwa nikaingia ndani." Hapo kuku wanasikika. "Sasa ukitaka kitu hapa, leta watu wenye adabu waseme. Jibu sikupi kwenye simu. Na wala sijui ni lipi."

Nimelisikiliza mara ngapi sisemi.

Alikaa mlangoni. Mimi juzi alasiri nilikuwa wapi? Nilikuwa kwenye mfereji nachagua pa kusimama ili wageni wa kesho watoke vizuri.

Mabasi ya kwenda njia ya Kilwa, iliko Pande, yanapita Lindi mjini asubuhi. Maalim amekubali kuwa mshenga wangu, ameahirisha madrasa. Ili tuwahi, lazima tuondoke hapa alfajiri, na maji yanafunguliwa saa nne. Nimekwenda kwa Bakari nikampa ile kamera ndogo ya akiba. Akaniuliza asimame wapi. Nikamwambia simama unapopenda.

"Na ule ufa?"

"Wameupiga lipu," nikasema. "Mtani, piga tu."

Kwa hiyo kesho ni tarehe mosi ya kwanza isiyo na picha yangu. Nilidhani itaniuma. Inauma kidogo, kama kucha iliyokatwa vibaya. Kinachouma hasa ni kile kingine.

Mara ya kwanza sikumposa mimi. Walikwenda wazee, mimi nikiwa nyuma ya nyumba nawasimulia vijana jinsi nilivyomkimbiza nguruwe pori kwa fimbo ya muhogo. Jibu lilipokuja wala sikusikia limesemwaje. Umri huu wote, hadithi zote hizi, sijawahi kumuuliza yule mwanamke kitu nikasubiri jibu.

Maalim ataongea kwanza, hiyo ndiyo kazi ya mshenga. Lakini ameniambia watanitaka na mimi niseme langu, na Somoe atakuwa nyuma ya pazia anasikiliza. Tangu nitoke kwa Bakari nafanya mazoezi nikiutazama ukuta. Naanza vizuri, halafu naona naingiza kambare, naingiza mafuriko, naona wanacheka, najisikia vizuri. Nafuta, naanza upya.

Ni maneno machache tu. Nilikosea, unaumwa nini mguu, utarudi?

Nikifika kwenye lile la mwisho nasimama mbele ya ukuta, najifunza kusubiri.